Nyumba Zitakuwa Zimejengwa

Kwa miaka tisa Mwalimu Fidélie alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya Musonoi, mtaa wa migodi kando ya mji wa Kolwezi, Kongo, na kwa miaka yote tisa kulikuwa na somo moja alilolipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Lilikuwa somo la ule wakati wa kitenzi ambao Waingereza huutumia kusemea jambo ambalo bado halijatokea, lakini huko mbele litakuwa limekwisha. Fidélie aliandika ubaoni: will, kisha have, kisha umbo la tatu la kitenzi. Akatoa sentensi kumi za kunakili. Kengele ikilia, alifuta ubao upesi, akashukuru Mungu kwamba hakuna aliyeuliza.

Si kwamba alikuwa mvivu. Chuoni Kolwezi alikosomea ualimu, walijifunza kwa nakala za nakala, kurasa nyeusi kama zilizopikwa kwa moshi, na wiki ya somo hilo profesa alikuwa hospitalini. Hakuna aliyerudi kulifundisha. Fidélie alikariri kanuni, akafaulu, akapata diploma. Yaliyobaki aliyaficha moyoni.

Mwaka huo, katika darasa la sita, la mwisho la sekondari, alikaa mwanafunzi mmoja aliyewazidi wenzake kwa miaka kumi. Jina lake Mukuna. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa vijana wale wanaoshuka kwenye mashimo ya madini ya kobalti kwa kamba, na mikono yake ilikuwa na nyufa za kijivu ambazo sabuni haikuzifikia. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alipofariki. Sasa alikuwa na mke na binti mmoja, na alitaka kufanya Exetat, mtihani wa taifa. Asubuhi alikuja shuleni. Mchana alirudi shimoni. Aliongea kidogo, na alipoongea, darasa lilinyamaza.

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, Fidélie alikuwa ameshaanza kuandika sentensi zake kumi, mvua ikipiga mabati juu, Mukuna akainua mkono.

"Madame, mi siyasikia muzuri."

"Nini hukuelewa?"

"Kitu haiyafanyika. Njo namna gani muntu anasema ilisha kuisha?" Alisita, akatazama mikono yake. "Kule chini hatusemake vile. Ukisema utapanda, unaongeza: kama Mungu anapenda. Huyu Mwingereza yeye anajua nini ya kesho?"

Watoto wawili walicheka, lakini si kwa dharau. Fidélie alisimama na chaki mkononi. Angeweza kumjibu kwa ukali, kama wafanyavyo walimu wanaposhikwa pabaya. Angeweza kusema, hiyo ndiyo kanuni, andika. Lakini mtu huyo alikuwa amelala kwa saa nne tu ili awe pale, na swali lake lilikuwa la haki.

"Nitakujibu Jumatano," alisema.

Alirudi nyumbani akiruka madimbwi, moyo mzito. Nyumba yao ilikuwa moja ya zile za matofali mekundu zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa shaba. Vyumba viwili, jiko nje, mpapai mmoja. Aliishi humo na mama yake, Mama Louise. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa kwa sababu ya baruti za mgodi, na tangu kabla ya Noeli nyumba hiyo, pamoja na nyingine sitini na mbili za mtaa wao, ilikuwa na namba nyekundu iliyopakwa mlangoni. Shimo la kampuni lilikuwa linapanuka. Tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa: kufikia tarehe kumi na tano ya mwezi wa pili, watu wawe wametoka. Nyumba mpya, walisema, zingejengwa kwenye uwanja mmoja kilomita tisa kutoka pale. Fidélie alikuwa ameuona uwanja huo. Palikuwa na misingi ya saruji iliyojaa maji, na nyasi zilizofika magotini.

"Mwezi wa pili, na hii mvua," Mama Louise alikuwa akisema kila jioni. "Tutalala wapi? Kwa dada yako, bantu munane mu chumba kimoja?"



Kesho yake asubuhi, Jumanne, alikuwa mlangoni anafunga viatu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anapuliza makaa.

"Fidé, leo unarudia saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

"Basi usinunue mukate mu njia. Saa kumi nitakuwa nimeisha kutwanga sombe na kusonga bukari."

Fidélie aliinuka na kiatu kimoja mguuni.

"Mama, sema tena."

"Niseme nini?"

"Hivyo ulivyosema. Saa kumi."

Mama Louise alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Nilisema saa kumi nitakuwa nimeisha kutwanga sombe. Kuko mubaya gani?"

"Na sombe yenyewe iko wapi sasa?"

"Njo ile mu kitunga! Siyaigusa hata. Weye, uko muzima?"

Fidélie alicheka hadi akakaa chini. Majani ya muhogo, sombe yenyewe, yalikuwa kwenye kikapu, mabichi, yana matone ya mvua. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kwenda saa kumi, amesimama huko, amegeuka na kuyaona yametwangwa. Hakuapa wala hakubashiri. Alikuwa anampangia binti yake chakula, basi. Kumbe kitu alichokiogopa kwa miaka tisa kilikuwa kinapikwa jikoni kwao kila siku.

Jumatano aliingia darasani bila daftari la sentensi kumi. Alichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ubaoni hadi mlangoni. Mwanzo wa mstari aliandika Jumatano. Mwisho wake, karibu na mlango, Jumamosi. Katikati aliweka ndoo, ufagio na kitabu cha hesabu. Kisha akamwita Abigaël, msichana mwembamba wa dawati la mbele.

"Tembea mpaka Jumamosi."

Abigaël alitembea akijichekea, akivuka vitu vile kimoja kimoja.

"Sasa uko Jumamosi. Geuka. Unaona nini nyuma yako?"

"Ndoo, Madame. Ufagio. Kitabu."

"Ndoo ni nguo zako. Jumamosi ukigeuka, nguo ziko namna gani?"

"Zilisha kufuliwa."

"Nawe kwa kweli uko siku gani?"

"Jumatano."

"Sema basi."

Abigaël alifikiri, midomo ikicheza. Kisha polepole, kwa Kiingereza, akasema: "By Saturday, I will have washed the clothes." Jumamosi ikifika, nitakuwa nimefua nguo. Darasa zima likaguna kwa furaha, na wavulana wa nyuma wakaanza kusukumana, kila mmoja akitaka naye atembee kwenye mstari.

Mukuna peke yake hakusimama. Alikuwa ameweka kidevu kwenye ngumi.

"Na kama sifike ku Jumamosi?" aliuliza.

Fidélie alimkaribia. "Mukuna, ukishuka shimoni, nani anabaki juu?"

"Mwenzangu Kabeya. Njo anashika kamba."

"Unamwambia nini kabla ya kushuka?"

"Ninamwambia: univute saa nane ya usiku."

"Kwa nini saa nane?"

"Sababu saa nane nitakuwa nimeisha kujaza mifuko mbili." Akayasikia maneno yake mwenyewe. Wenzake nao waliyasikia, wakaanza kupiga makofi, lakini yeye hakutabasamu. Alichukua kalamu akaandika, kichwa kimeinama, haraka haraka.

"Humwambii Kabeya kwamba unaijua kesho," Fidélie alisema kwa sauti ya chini. "Unamwambia nini kiwe kimekwisha kabla ya nini, ili ajue lini avute. Maneno yako ya 'kama Mungu anapenda' unaweza kuyaongeza. Sentensi haikatai."

Kabla ya kengele aliwapa kazi: kila mmoja atafute sentensi moja ya namna hiyo mjini. Siku hizi Kolwezi imejaa Kiingereza, kwenye malori yanayotoka Zambia, kwenye mabango, kwenye karatasi za kampuni. "Msitunge," alisema. "Tafuteni."

Kesho yake wengi walikuja mikono mitupu. Abigaël alileta maneno ya kwenye mfuko wa saruji ambayo hayakuwa na kitenzi chochote. Mukuna alingoja darasa litoke, kisha akaweka mezani kipande cha karatasi alichokikunja mara nne.

"Nimeitoa ku ile tangazo ya shefu," alisema. "Iko na pande mbili, Madame. Huku kifaransa, huku kingereza. Bantu bote banasoma kifaransa. Mi nilisoma ile upande ingine."

Alikuwa ameinakili kwa herufi kubwa kama za mtoto: By the time any family is asked to leave, the new houses will have been completed.

Fidélie aliisoma mara ya kwanza kama mwalimu, akaona haina kosa. Aliisoma mara ya pili kama mtu mwenye namba nyekundu mlangoni.

"Wewe umeelewa nini?" alimuuliza.

Mukuna aliweka kidole mezani. "Mi nimesimama siku yenye banatuambia mutoke. Ninageuka." Akavuta kidole nyuma. "Nyumba ilisha kuisha."

Walikwenda pamoja hadi ofisi ya shefu wa kartie, kwa miguu, bila mwavuli. Tangazo lilikuwa ukutani ndani ya plastiki, lugha mbili bega kwa bega. Upande wa Kifaransa, baada ya ile tarehe, ulisema tu kwamba familia zitaombwa kuondoka na kwamba nyumba mpya zitajengwa. Yote mawili yangefanyika. Lipi kwanza, haukusema. Upande wa Kiingereza ulisema. Familia yoyote itakapoombwa kuondoka, nyumba mpya zitakuwa zimekwisha kujengwa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kulikuwa na mstari mwingine: pande mbili zikitofautiana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa.

Shefu, mzee waliyemwita Tata Polycarpe, alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Mwalimu, uko na hakika? Jumamosi bakubwa ba kampuni banakuya ku salle ya paroisse. Nikisimama na maneno ya bure, batanicheka."

"Niko na hakika," alisema Fidélie.

Lakini usiku na mchana wa Ijumaa hakika ile ilimponyoka mara kumi. Na kama ni yeye aliyekosea? Siku nne tu alikuwa ameielewa sarufi hiyo, tena kwa msaada wa kikapu cha sombe. Alifungua kamusi, akafungua vitabu vyote vitatu alivyokuwa navyo. Kila kimoja kilimpa kanuni ileile. Mwishowe alivifunga, akajiuliza tena swali la mama yake: sombe iko wapi saa kumi? Imetwangwa. Basi.

Ukumbi wa parokia ulijaa Jumamosi hiyo hadi madirishani. Mbele walikaa wawili kutoka kampuni. Mmoja alikuwa mkuu wa mradi, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi, mgeni kutoka ng'ambo, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Wa pili alikuwa Gael, kijana wa Kolwezi aliyevaa shati jeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kuongea na watu wa mtaa na kumtafsiria mkubwa wake. Gael alieleza tarehe, malori, na mahali pa kupangia vyombo. Watu walinung'unika. Mama mmoja alilia kwa sauti, akisema ana mtoto wa wiki mbili. Gael alitazama viatu vyake kabla ya kutafsiri.

Kisha Tata Polycarpe akasema, "Mwalimu Fidélie anaomba neno."

Alisimama. Alikuwa ameamua kusema kwa Kiingereza moja kwa moja, ili maneno yasipitie popote. Alisema, "Madam, the paper says, by the time we are asked to leave, the houses will has..." Akalisikia kosa lake mwenyewe. Wanafunzi wake walikuwa wamejaa ukutani, na mwalimu wao alikuwa amekosea mbele ya watu mia nne.

"Will have been completed," ilisema sauti nzito kutoka nyuma. Mukuna alikuwa amesimama, bado na matope ya shimoni kwenye suruali.

"Asante," Fidélie alimwambia kwa Kiswahili, na ukumbi ukacheka kidogo, cheko la kumpa mtu nguvu. Akaendelea, sasa kwa Kiingereza kilichonyooka. Aliuliza swali moja tu: kipi kinatangulia, nyumba au kuondoka?

Mkuu wa mradi alikunja uso. Akaomba karatasi. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na ilionekana wazi kwamba alikuwa hajaisoma tangu itiwe sahihi, labda hajaisoma kamwe. Alimgeukia Gael akauliza kwa sauti ya chini kama nyumba zimekwisha. Gael akatikisa kichwa, hapana. Misingi tu.

Mkuu huyo alivua miwani. Alisema maneno machache, na ikawa zamu ya Gael. Watu walimtazama. Angeweza kuyageuza maneno yale apendavyo. Hakuna zaidi ya watu wawili ukumbini ambao wangejua.

"Anasema," Gael alianza, akakohoa. "Anasema nyumba njo zinatangulia. Anasema tangazo ilibandikwa mbele ya wakati. Hakuna muntu atatoka mpaka nyumba ziishe."

Hapakuwa na shangwe mwanzoni. Watu waliulizana amesema nini, amesema nini, kisha yule mama wa mtoto mchanga akapiga kigelegele na ukumbi mzima ukamfuata. Fidélie alikaa chini. Mama Louise, aliyekuwa kando yake, alimshika mkono.

Jumatatu, saa ya mapumziko, Gael alikuja shuleni. Alisimama mlangoni pa darasa tupu, kofia ya pikipiki mkononi.

"Madame, mi njo niliandika ile kifaransa," alisema. "Sikutaka kudanganya bantu. Balinipa karatasi kumi na mbili kwa siku moja. Nikiona will, nilikuwa naandika tu wakati ujao, naendelea. Ile have sikujua iko inafanya nini pale."

Fidélie alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa tangu Jumamosi. Familia sitini na tatu zingelala mvuani kwa sababu ya neno moja aliloliruka kijana huyu. Lakini alimtazama, akakumbuka ubao aliokuwa akiufuta upesi kengele ikilia.

"Ulisoma wapi?" aliuliza.

Akataja chuo. Ni kilekile. Nakala zilezile nyeusi.

"Na watakufukuza?"

"Sijue. Yule mama wa mradi alisema nitarudilia tafsiri yote, kumi na mbili. Naogopa kukosa tena."

Fidélie alivuta dawati. "Kaa. Zile karatasi umezileta?"

Gael alitoa karatasi kwenye mfuko wake. Walifanya kazi hadi kengele, na alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, wiki tatu mfululizo, akikaa nyuma pamoja na Mukuna. Siku za kwanza Mukuna hakumsalimia. Baadaye walianza kubishana juu ya vitenzi, na Fidélie akawa anawanyamazisha kama watoto.

Nyumba hazikuisha upesi. Mvua ilikatika, kiangazi kikaja na vumbi lake jekundu, na mara mbili Tata Polycarpe alikwenda uwanjani na wazee wa mtaa kuzikagua. Mara ya kwanza walikuta mabati hayajapigwa misumari. Mara ya pili nyumba kumi na moja hazikuwa na milango, naye akakataa katakata kutia sahihi, akisema mlango nao ni nyumba. Mukuna alifanya Exetat mwezi wa sita, akafaulu kwa asilimia hamsini na sita. Alikuja kumwonyesha Fidélie ujumbe kwenye simu, akasimama tu pale uani, hajui aweke wapi mikono yake. Bado alikuwa akishuka shimoni. Diploma haimpi mtu kazi kesho yake. Lakini Gael alikuwa amepeleka jina lake mahali, na wakawa wanangoja.

Fidélie na mama yake walihama mwezi wa tisa, mwishoni mwa kiangazi, kabla tu ya mvua mpya. Lori lilibeba vitanda, kabati, na magunia mawili ya makaa. Nyumba mpya ilikuwa na ukuta usio na ufa na mlango unaofungwa. Mama Louise aliizunguka mara mbili, akagusa dirisha, akapima jiko kwa hatua.

"Soko iko mbali," alisema.

"Ni mbali, mama."

"Na hakuna hata muti moja."

Kisha akaingia ndani, akaketi juu ya godoro lililokuwa bado limefungwa kamba, akalia kimya kwa ajili ya nyumba yao ya zamani, ambamo alifiwa na mumewe na kulea watoto. Fidélie aliketi kando yake hadi alipotulia. Halafu alichukua ndoo, akatoka kwenda kumuuliza jirani bomba la maji liko upande gani.